Kadi ya bei nafuu inatosha, ukijua mashine inakwama wapi

Hapa kwenye meza yangu ya ufundi Dar es Salaam, swali linalokuja mara nyingi kuliko yote ni hili: "Fundi, niweke kadi gani ili Valorant iache kukwama?" Huwa sijibu kwa jina la kadi. Namuuliza mwenye mashine kama ana uhakika kwamba kadi ya picha, yaani GPU, ndiyo inayokwama.

Mashine nyingi ninazoletewa zinafanana: kompyuta ya ofisini iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, iliyoongezewa kadi ya Nvidia, GTX 1050 Ti au GTX 1650. Kwangu mimi huo ni mpangilio wa maana sana kwa pesa ndogo. Kadi zote mbili zina kumbukumbu ya GB 4, na zimepangiwa wati 75, kiasi ambacho tundu la PCIe, lile ambalo kadi huchomekwa kwenye ubao mama, lenyewe linaweza kutoa, kwa hiyo pawasaplai ndogo ya ofisini hailemewi. Michezo ambayo vijana wetu wanaicheza mtandaoni, yaani Valorant, Dota 2, Fortnite, na hata CS2 (Counter-Strike 2) ambayo ni nzito kidogo, haikuandikwa kwa ajili ya wenye kadi za mamilioni peke yao.

Anza kwa kupima. Weka programu ya MSI Afterburner, iache ionyeshe pembeni mwa skrini matumizi ya GPU, ya kila kori ya prosesa, na fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde. Kisha ingia kwenye mechi ya kweli. Uwanja wa mazoezi haukuambii kitu, kwa sababu hakuna watu kumi wanaorusha mabomu ya moshi kwa wakati mmoja. GPU ikiwa asilimia 97 hadi 99 na fremu ni chache, basi kadi imefika mwisho wake. GPU ikiwa asilimia 60 na fremu bado zinadondoka, kadi inasubiri kuletewa kazi, na kosa liko kwingine. Kuna kipimo kingine chepesi zaidi: shusha rezolusheni kutoka 1920×1080, ambayo ni pikseli zaidi ya milioni 2, hadi 1280×720, ambayo ni pikseli 921,600. Umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya mzigo. Kama fremu hazijapanda hapo, hata ukinunua kadi mpya hazitapanda.

Kijana mmoja wa chuo aliniletea mashine ya aina hiyo akiwa tayari ameshaanza kukusanya pesa za kadi kubwa. Ilikuwa Core i5 ya kizazi cha nne, GTX 1650, na RAM ya GB 8. GPU yake ilikuwa inazunguka kwenye asilimia hamsini na kitu, na kila mapigano yalipoanza picha ilikuwa inashtuka. Nilipofungua boksi nikakuta RAM yote iko kwenye kipande kimoja. Prosesa hizi zina njia mbili za kwenda kwenye RAM; ukiweka kipande kimoja, njia moja inakaa bure. Tukaweka vipande viwili vya GB 4 vinavyofanana, kwenye matundu yaliyoonyeshwa na mchoro ulio ndani ya kifuniko. Fremu za juu zilipanda kidogo tu. Zilizopanda vizuri ni zile za chini, ambazo ndizo zilikuwa zinamuua. Kipande cha RAM ya DDR3 iliyotumika ni bei ndogo mno ukilinganisha na kadi, na bado watu wanakiruka.

Ukiwa bado umefungua boksi, angalia na nyuma. Nakuta mara kwa mara waya wa monita umechomekwa kwenye ubao mama, kadi imekaa tu. Na kama monita ni ya Hz 144, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ingia kwenye mipangilio ya Windows uhakikishe haijabaki Hz 60.

Sasa tuseme umepima na kadi kweli ndiyo imelemewa. Hapo ndipo watu hushusha kila kitu hadi chini kabisa, mchezo ukawa mbaya machoni na faida ikawa ndogo. Kila kipengele kina mzigo wake. Tekscha, yaani zile rangi na mikwaruzo zinazobandikwa juu ya kuta na nguo, hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi na hazipunguzi fremu kwa maana maadamu zinaenea ndani yake. Zikizidi zile GB 4, kadi inaanza kuazima RAM ya mashine kupitia PCIe, ambayo ni njia ya polepole sana kwake, na hapo ndipo unapata ile mishtuko ya ghafla. Kwa hiyo weka tekscha za kati, angalia kumbukumbu iliyotumika, na ukikaribia kujaza shusha hatua moja. Vivuli, kulainisha kingo na maakisi ndivyo vinavyokula nguvu. Hivyo shusha bila huruma. Ila kwenye CS2 usizime kabisa vivuli vya wachezaji. Kivuli cha adui kinatangulia kona kabla yake, na kukiona mapema ni bora kuliko fremu tano za ziada.

Rezolusheni iache iwe ya mwisho kuguswa, na usikimbilie 720. Jaribu 1600×900 kwanza: unapunguza pikseli kwa karibu asilimia 30 na bado unamtambua mtu aliye mbali. FSR ya AMD, iliyotoka Juni 2021, huchora picha kwa rezolusheni ndogo kisha kuikuza, na inafanya kazi hata kwenye kadi za Nvidia za zamani, na CS2 inayo ndani. DLSS, ya Nvidia yenye kazi kama hiyo, haiwahusu wenye GTX. Hiyo ni ya kadi za RTX. Fortnite nayo ina hali yake ya Performance, na kwa kadi ya GB 4 hakuna cha kufikiria mara mbili, iwashe.

Jambo ninaloling'ang'ania kuliko yote ni kuweka kikomo cha fremu. Watu wanabisha: kadi yenyewe ndogo, halafu niifunge? Ndiyo. GPU ikifanya kazi kwa asilimia 99 muda wote, prosesa inatangulia kuandaa fremu na zinapanga foleni zikisubiri kuchorwa. Ulichobonyeza kwenye kipanya kimo ndani ya fremu iliyo kwenye foleni hiyo. Skrini inakuonyesha namba kubwa, lakini risasi yako inatoka imechelewa. Chukua CS2: kwenye korido tupu kadi inatoa fremu 140, ukisimama karibu na moshi inashuka hadi 95. Moshi wa mchezo huu ni mzigo mkubwa kwa kadi, kwa hiyo ndio mahali pa kupimia. Weka kikomo hicho kwa amri ya fps_max 90. Sasa kila fremu inachukua milisekunde 11 hivi, kwenye korido na karibu na moshi vilevile, na mkono wako unazoea mwendo mmoja. Mchezo ukiwa na Nvidia Reflex, iwashe. Inafanya kazi kuanzia familia ya GTX 900, na imetengenezwa hasa kwa ajili ya foleni hiyo.

Joto la pwani nalo lina sehemu yake. Mashine inaanza vizuri, baada ya nusu saa fremu zinapungua. Soma joto la kadi. Ikipita nyuzi 80 na kitu inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Puliza vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka, na usiliweke boksi ndani ya kabati la meza.

Halafu kuna lawama ambazo kadi haistahili kabisa. Kadi ikizidiwa, skrini yote inakwama, ukigeuza kipanya mwonekano unachelewa kukufuata. Mtandao ukizidiwa, picha ni laini kabisa lakini adui anaruka kutoka hapa hadi pale, au unakufa wakati tayari umeshajificha nyuma ya ukuta. Mwanga ndani ya nyaya za nyuzinyuzi hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za waya hugharimu karibu milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata ukinunua kadi gani. Dota 2 na CS2 zina seva Afrika Kusini na Dubai. Linganisha ping, yaani huo muda wa kwenda na kurudi, ya zote mbili na uachane na za Ulaya. Tumia waya kutoka kwenye rauta badala ya Wi-Fi, na uzime upakiaji wa picha wa simu zilizoko nyumbani wakati unacheza, maana ndio unaojaza njia ya kutoka.

Kwa ambaye amepima vyote na bado anahitaji kununua, mimi nachagua GTX 1650 kuliko 1050 Ti hata kama tofauti ya bei inauma, kwa kuwa Nvidia ilifunga draiva za michezo (programu zinazoiwezesha kadi kuelewana na michezo mipya) za familia ya GTX 1000 mnamo Oktoba 2025 na kuwaachia za usalama tu. Chagua toleo lisilo na tundu la waya wa umeme, na kama boksi lako ni lile jembamba, toleo fupi. RX 6400 ya AMD inakula wati 53 tu, lakini ina njia nne tu za PCIe, na kwenye ubao wa prosesa ya kizazi cha nne, kama ule wa yule kijana, hilo linaumiza pale kumbukumbu inapojaa. Kuweni macho na kadi za zamani zilizoandikwa upya programu yake ili ijiite 1050 Ti. Kabla hujalipa, omba iwashwe, fungua programu ya GPU-Z, na usome mstari wa kwanza: ikiona udanganyifu huanza jina na neno FAKE.