Je, wajua kwa nini wasanii hukatakata picha za kale?

Tuseme kolaji, yaani picha iliyoungwa kwa vipande vya picha na karatasi, inaonyesha vijana wawili wa Mombasa ya zamani wameshikana mikono studio, na maandishi ya faili la mahakama yamepita juu ya nyuso zao. Wengi wakiiona hudhani msanii anasema hawa walikuwa wapenzi. Hasemi hivyo. Pwani, marafiki kupiga picha wameshikana mikono ni jambo la kawaida, na picha peke yake haithibitishi mtu alimpenda nani wala alijiona wa jinsia gani. Marehemu hawezi kujibu, na huenda wajukuu zake wako hapo mtaa wa Kibokoni, Mombasa. Msanii makini humheshimu. Anachotuonyesha ni nani aliyeshika kalamu.

Wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia si wageni Mombasa. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd alichapisha utafiti unaowahusu mwaka 1987. Ila kwenye nyaraka za serikali mtu kama huyo huingia kama mshtakiwa. Sheria yenyewe ni ya mkoloni, na mizizi yake iko katika kanuni ya adhabu ya India ya mwaka 1860. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya kingali kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Karani wa mahakama huandika kosa. Vazi alilolipenda mtu yule, au nani alimpikia, havimhusu.

Pengo hilo laweza kuonyeshwa kwa saianotaipu, mbinu ya kuchapa picha kwa mwanga wa jua aliyoivumbua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Msanii hupaka kitambaa cha pamba mchanganyiko wa chumvi mbili zenye chuma, akakikausha gizani. Juu yake hulaza nakala ya picha na ya maandishi ya faili iliyochapwa kwenye plastiki angavu (picha asili haiguswi), kisha huanika juani. Miale ya jua huzigeuza chumvi hizo ziwe rangi ya buluu isiyotoka kwa maji. Palipozibwa hapageuki, na kitambaa kikisuuzwa hubaki peupe, kama alama ya mkanda wa ndara kwenye mguu uliochomwa na jua.

Kwa hiyo wino mweusi wa karani hutoka mweupe. Akiweka ua la asmini juu ya uso, uso hautokei kabisa. Hutokea umbo la ua. Kwa walio hai faida yake ni kubwa zaidi: mtu anaweza kutoa picha ya albamu yake, mkao na nguo zake zikaonekana ukutani, na jirani asimtambue.