Nikisoma daftari lako, natafuta "kumbe"

Kijana aliingia ofisini na kauntabuku ya kwaya mbili kwapani, akaamkia, akaiweka mezani na kuisukuma upande wangu kwa kidole kimoja.

"Kazi nimefanya, madamu."

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemwambia aandike kila usiku chochote kinachomsumbua. Akaandika kurasa 63. Mwandiko mdogo, wino wa bluu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Kulikuwa na "Sababu za ndani" na "Sababu za nje", kisha (a), (b) na (c), na ndani ya (c) kulikuwa na (i) mpaka (iv). Ukurasa wa 40 alikuwa anapinga hoja aliyoijenga ukurasa wa 12, na anaipinga vizuri. Nikamuuliza usingizi unaendaje. Zamani alikuwa analala saa nane usiku. Siku hizi ni saa kumi.

Kosa lilikuwa langu. Mtu amekuja kulalamikia moshi, mimi nikamwongezea kuni.

Kazi yangu ni unasihi kwa wanafunzi wa chuo, na wengi wanaogonga mlango wangu ni wale tunaowaita vipanga. Wani ya 7 kidato cha nne, wani ya 3 kidato cha sita, shule ya vipaji maalumu, mkopo, chuo. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza kumi bora, lakini mtaa haujaacha. Kule kwao mtoto huyu bado ni "yule aliyeongoza", na mama yake akienda sokoni anaulizwa habari zake kabla ya kuulizwa za kwake mwenyewe.

Watu wana maelezo yao kuhusu watoto wa namna hii. Akianza kukaa peke yake utasikia "kasoma mpaka kachanganyikiwa". Wahenga nao wakasema akili nyingi huondoa maarifa. Sikubaliani moja kwa moja. Lewis Terman alianza mwaka 1921 kule California kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wenye akili za juu, na kwa ujumla hawakuonekana dhaifu wa nafsi kuliko wenzao. Karne moja baadaye, mwaka 2022, uchambuzi wa UK Biobank, hifadhi kubwa ya takwimu za afya za Waingereza, ulifika hapohapo: akili nyingi haimsogezi mtu kwenye ugonjwa wa akili, na wasiwasi mkubwa ulikuwa hata pungufu kwao. Upo utafiti wa 2018 uliowahoji wanachama wa Mensa wa Marekani na kupata kinyume chake, ila wale walijiandikisha wenyewe kwenye chama cha wenye akili, na anayejitolea kujibu maswali ya maradhi mara nyingi ndiye anayeumwa.

Kinachonigusa zaidi kama mtu wa kazi hii ni utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Lakehead, Kanada, wa mwaka 2015. Wanafunzi waliokuwa na nguvu kwenye akili ya maneno ndio waliokuwa wakihangaika na kurudiarudia mawazo zaidi. Hapo ndipo ninapowaona wateja wangu. Akili haiwapi huzuni. Lakini huzuni ikishaingia kwa sababu zilezile zinazowaingizia watu wote, kama msiba, kuachwa, ukata au matokeo, inakuta mashine nzuri ya kusaga, na mashine hiyo haina swichi.

Saikolojia ina neno la kusaga huku, nalo asili yake ni la ng'ombe: kucheua. Susan Nolen-Hoeksema alitumia maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba anayecheua huzuni yake hukaa nayo muda mrefu kuliko anayeishika na kuiacha. Sisi Waswahili tulishamaliza mjadala huo ndani ya lugha. Ukisema fulani "ana mawazo", hakuna atakayekuuliza ni mawazo gani mazuri aliyobuni. Watakuuliza kapatwa na nini.

Sasa tuje kwenye kuandika. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio lao la Dallas, Marekani. Wanafunzi 46, dakika 15, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika tukio lililowaumiza zaidi maishani, na kati yao wako walioeleza tukio pamoja na walivyojisikia. Hao wa mwisho walipomaliza kuandika walikuwa na huzuni zaidi, na shinikizo la damu lilipanda. Lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale wa mambo ya kawaida. Naitaja ile huzuni makusudi. Mtu asiyeambiwa mapema, akimaliza siku ya kwanza na machozi, anasema dawa hii haifai.

Baadaye Pennebaker na wenzake waliyarudia maandishi ya watu na kuhesabu maneno. Walitafuta maneno ya sababu na maneno ya kutambua jambo. Kilichotabiri nafuu hakikuwa wingi wa maneno hayo. Ilikuwa kuongezeka kwake siku hadi siku. Aliyeanza na vurugu na kumaliza na mwanga alifaidika. Aliyekuja siku ya kwanza na hadithi iliyokwisha kupangwa hakupata kitu kikubwa.

Soma tena hapo, halafu kumbuka (a), (b), (c) za kijana wangu. Kipanga huja siku ya kwanza na sababu zote. Amezipanga, amezipa namba. Daftari lake ni mahakama, na yeye ndiye mshtakiwa, wakili, hakimu na karani. Hakuna kinachoweza kuongezeka, kwa sababu hukumu ilitoka kabla hajafungua kalamu.

David Sbarra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha jambo hilo mwaka 2013 kwa watu waliotoka kuachana na wenzi wao. Wale waliokuwa wakitafuta sana maana ya yaliyowapata, walipopewa kazi ya kuandika hisia zao za ndani, miezi kadhaa baadaye walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa aina ileile walioandika shughuli za siku tu. Ningekuwa nimeusoma utafiti huu kabla ya kutoa ile kazi ya "andika kila kitu", kurasa 63 zisingekuwepo.

Kwa hiyo siku hizi natoa maagizo tofauti. Dakika 15 kwa alamu ya simu, siku nne, halafu unapumzika. Alamu ikilia unaacha hata kama sentensi haijaisha, na kwa kipanga hilo ni gumu kuliko mtihani wa Hesabu. Unaanza na kitu kilichotokea leo, mahali na saa. Unaandika mwili ulifanya nini: tumbo, mikono, koo. Hakuna vichwa vya habari. Rula inabaki kwenye mkoba.

Halafu kuna suala la lugha. Zile kurasa 63 zote zilikuwa za Kiingereza, Kiingereza safi cha insha. Nikamwambia, andika kwa lugha unayogombezewa nyumbani. Alicheka, mara ya kwanza tangu tuonane. Lugha ya darasani ina adabu ya darasani, inakutaka utoe utangulizi na hitimisho. Ile ya nyumbani inakuja na sauti za watu.

Hiki hapa kipande cha siku ya tatu. Nakiweka kwa ruhusa yake, na alama za kumtambulisha nimezibadilisha:

"Nimetoka maktaba saa mbili usiku. Simu ikaita, baba. Nikailaza kifudifudi kitandani. Ikaita tena. Vidole vilikuwa vya baridi. Najua anataka kuuliza matokeo ya semista. Nina B+ moja. Si kwamba naogopa kugombezwa, baba hajawahi kunigombeza. Kumbe ndiyo shida yenyewe. Hajawahi kwa sababu sijawahi kumpa sababu. Sijui akikasirika anakuwaje."

Mistari michache ile ilifanya kazi ambayo kurasa 63 hazikuifanya. Tazama lilipokaa lile "kumbe". Kiswahili kimetupa neno moja la mtu aliyeona kitu ambacho dakika moja nyuma hakukiona, na huwezi kulipanga mapema. Ukiandika "kumbe" ya kughushi inanuka. Ndiyo maana nikisoma daftari la mtu, akiniruhusu, siangalii urefu wala ufundi. Natafuta "kumbe" na kuangalia kama "kwa sababu" inayofuata imezaliwa palepale au ilikuja na begi lake kutoka nyumbani.

"Kumbe" isipokuja siku nne zote, tunabadilisha njia. Wengine nawaambia wajiandikie kwa jina lao, kama wanamwandikia mdogo wao: "Fulani, leo ulinyamaza kwenye semina, nini kilikubana?" Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kujisemesha kwa jina lako badala ya "mimi" hupunguza joto la hofu. Bibi yangu akiudhika alikuwa akijisema kwa jina lake mwenyewe mbele ya jiko, nasi tukidhani ni uzee.

Kwa wale ambao tatizo ni usiku tu, sitaki hisia kabisa kabla ya kulala. Waandike kazi za kesho, dakika tano, kwa undani. Jaribio la Chuo Kikuu cha Baylor la 2018 lilikuwa na watu 57, na walioandika ya kesho walisinzia mapema kwa takriban dakika tisa kuliko walioandika waliyokwisha kufanya. Dakika tisa ni kidogo, lakini muulize asiyelala.

Kuhusu faragha: chumba cha hosteli kina watu wanne na pazia moja. Nimempokea binti ambaye mwenzake alipiga picha ukurasa wake na kuutuma kwenye grupu. Chana. Ukishaandika, karatasi imekwisha kazi yake, itie kwenye mkaa. Na wala usinunue yale madaftari ya maandishi ya dhahabu yanayouzwa mitandaoni kama dawa. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya majaribio 146 ya uandishi wa aina hii, na faida ilikuwepo, ila ndogo. Kauntabuku ya dukani inatosha. Ukiona unachoandika kinaanza kuzungumzia kufa, funga daftari umtafute mtu, usiku huohuo, awe rafiki, mlezi au hospitali. Kazi hiyo si ya kalamu.

Yule kijana siku ya tano hakuja na daftari. Nilimkuta kwenye benchi la nje, simu sikioni. Nikasikia "Shikamoo baba", halafu kimya kirefu, nikarudi ndani na kufunga mlango. Alipoingia alikuwa anafuta macho na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amemweleza mzee yote kuhusu ile B+. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa hiyo B ya kujumlisha, mwanangu, ndiyo umefaulu au umefeli?"