Je, wajua kwa nini intakula kubwa inaweza kulifanya gari lizubae?

Subaru Impreza yenye turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, utaijua kwa ile pua iliyochomoza juu ya boneti. Wapo wanaodhani ni urembo. Tundu lile hupeleka upepo kwenye intakula iliyolala juu ya injini, ambayo kazi yake ni kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda.

Hewa ikishindiliwa hupata moto. Turbo ikisukuma presha ya bar 1 siku ya nyuzi 30, hewa inaweza kutoka na nyuzi 120. Ukiipoza hadi 50 bila kupoteza presha, unaingiza hewa zaidi kwa karibu asilimia 20, na injini haigongi ovyo kwa mafuta kujilipukia yenyewe. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni hafifu. Bar 1 ileile ya kwenye geji huitaka turbo ishindilie zaidi kuliko Mombasa, na joto linalozalishwa huwa kubwa zaidi.

Ndiyo maana wengi huitamani ile kubwa ya mbele, inayokaa nyuma ya bampa. Kwa mtu wa mashindano, au aliyeongeza presha ya turbo, wana hoja. Ile ya juu hufyonza joto la injini kwenye foleni. Njia ikifunguka ukakanyaga mafuta, gari linakuwa zito hadi lishike mwendo na upepo upite.

Sasa bei yake, na sizungumzii pesa tu. Intakula ya mbele huja na mabomba marefu. Turbo lazima ijaze nafasi yote hiyo kwanza, kwa hiyo unakanyaga, unasubiri kidogo, ndipo gari linaondoka. Kila kiungo cha mpira na klampu ni mahali pengine pa kuvuja. Impreza hupima hewa kabla ya turbo. Ikivuja baada ya hapo, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haikufika, na moshi mweusi unatoka nyuma. Tena intakula hiyo inaizibia rejeta upepo. Za bei rahisi, zenye mapezi (vile vibati vyembamba vya kupozea) yaliyobanana, huikwamisha hewa yenyewe, na turbo hulazimika kujikamua zaidi ili kufidia presha iliyopotea.

Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, mimi ningeiacha ya kiwandani, nikaangalia kwanza kama mipira yake imepasuka. Ukitaka uhakika kwamba inatosha, usitegemee mashine ya fundi ya kusomea kompyuta: kwenye Impreza nyingi kihisi cha joto la hewa nacho kiko kabla ya turbo. Fungisha kingine baada ya intakula, kisha panda mlima mrefu. Joto likipanda kidogo likatulia, pesa hizo nunulia matairi.