Ondoeni "ungefanya" kwenye mahojiano ya wahasibu

Jumatatu mteja wangu mmoja wa Eneo la Viwanda alinipigia simu kwa furaha. Amepata mhasibu. "Nimeuliza maswali ya tabia kama ulivyoniambia," akasema. "Nikamuuliza, ungefanya nini ukigundua meneja wako anaiba? Akajibu papo hapo: ningeripoti. Huyu ndiye!" Ni mara ya tatu mwezi huu naletewa swali hilohilo na furaha hiyohiyo. Basi niandike, nisiendelee kulirudia kwenye simu.

Hilo si swali la tabia. Hakuna mtu atakayeketi mbele ya jopo aseme "ningenyamaza tugawane". Hata mwizi anajua la kujibu. Ulichopima ni kama kijana anajua jibu unalolitaka, na aliyefaulu mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, ana miaka ya mazoezi ya kutoa majibu yanayotakiwa.

Swali la tabia huuliza lililotendeka. Wazo lenyewe ni kongwe: mwaka 1954 John Flanagan, aliyekuwa amefanya kazi ya kuchagua marubani wa jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika kuhusu kukusanya matukio halisi, nani alifanya nini na ikawaje, badala ya maoni ya jumla. Sikai hapo. Ninalotaka kukaa nalo ni kiambishi.

Mahojiano mengi ya ofisi hapa Nairobi huendeshwa kwa Kiingereza, na jibu lililokaririwa kutoka mtandaoni hupita humo bila kukwama. Kwa hiyo nikifika nusu ya mazungumzo husema, "Sasa tuongee Kiswahili." Halafu nasikiliza vitenzi. Nauliza "ulifanya nini?" na mhojiwa ananijibu kwa "hu-": mimi huhakikisha kila malipo yana vocha, mimi hulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwezi. Hayo ni maelezo ya kazi, kila mtu anayo. Namrudisha: mwezi upi? Salio lilipishana kwa kiasi gani? Akihamia kwa "-nge-", namrudisha tena. Nataka "-li-", na nitaingoja hata kimya kikizidi kwenye chumba. Wanajopo wengi hawavumilii kimya hicho. Wanamhurumia mhojiwa, wanamtafunia swali mpaka linageuka kuwa "yaani, ungefanya nini?", na hapo kazi yote imeharibika.

Chukua swali ninalolipenda kuliko yote kwa mhasibu wa Kenya: "Nieleze mara ya mwisho mkubwa wako alipokuletea gharama isiyo na ankara ya eTIMS akataka uiingize kwenye hesabu ya kodi." Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo, inayotolewa kupitia mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, haiondolewi kwenye mapato yanayotozwa kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa, kwa hiyo aliyefanya kazi ya kodi hapa katika miaka hii ana uwezekano mkubwa wa kuwa amekutana nalo. Mmoja aliwahi kuniambia: "Ilikuwa matengenezo ya lori, shilingi 46,000. Fundi hakuwa kwenye eTIMS. Nilimwambia bosi tutailipa lakini kwenye hesabu ya kodi nitairudisha ndani ya faida inayotozwa kodi. Alikasirika. Nikampigia fundi mwenyewe, nikamsaidia kujisajili, akatoa ankara juma lililofuata." Huyo hakunitajia neno uaminifu hata mara moja. Nilimpa alama za juu kabla hajafika mwisho.

Kwa wakaguzi kuna kiambishi kingine kinachonisumbua zaidi: "tuli-". Tulihesabu stoki. Tulituma barua za uthibitisho kwa wadaiwa, wathibitishe wanachodaiwa na mteja. Ukaguzi ni kazi ya timu, sikatai, na mtu mwenye adabu hapendi kujisifu mbele ya wakubwa. Lakini ndani ya "tulituma" ndimo kazi mbaya hujificha. Nauliza: nani hasa alizituma? Majibu yalirudi kwa nani? Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 505, kinamtaka mkaguzi azishike barua hizo mkononi mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewaona wahojiwa watatu au wanne, wenye wasifu mzuri mno, wakigundua mbele yangu kwamba barua alizituma mhasibu wa mteja, na majibu akayaleta yeye mwenyewe kwenye bahasha. Walikuwa wamesimulia hadithi ya mafanikio. Swali la mtihani lisingeyafichua hayo, kwa sababu wote watatu au wanne wangeandika jibu sahihi.

Swali la "udhaifu wako ni upi" litupeni. Ulizeni kosa lililoingia kwenye hesabu, na ni nani aliyeambiwa kwanza.

Jambo moja ambalo majopo husahau: tunamtaka mtu asimulie ya kazini, na kazi yetu ni ya siri. Wajibu wa kutunza siri ya mteja hauishi mkataba unapoisha. Mhojiwa akinitajia jina la kampuni aliyoikagua na mshahara wa mkurugenzi wake, hadithi iwe tamu vipi, simchukui, kwa maana mwakani atakuwa akisimulia habari zangu kwenye ofisi nyingine. Aliye mahiri husema "mteja mmoja wa usafirishaji", anabadilisha kidogo, na tukio linabaki zima. Wapo pia wanaojifunika kwa siri ili wasijibu. Tofauti huonekana haraka: mwenye siri ya kweli hukosa jina, hakosi tukio.

Sasa niseme na ninayoyatilia shaka. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu za tafiti za miaka mingi, wakakuta mahojiano yenye mpangilio, ambapo kila mtu huulizwa yaleyale na kupewa alama kwa kipimo kilekile, yakiongoza njia nyingine za kuchagua wafanyakazi kwa uwiano wa 0.42 kati ya alama za mahojiano na utendaji kazini. Piga mraba upate sehemu ya tofauti inayoelezwa: 0.18 hivi. Njia inayoongoza inaacha sehemu kubwa ya tofauti kati ya mfanyakazi na mfanyakazi bila maelezo. Pia maswali ya "ungefanya" hayakosi kazi kabisa, yakitayarishwa vizuri na majibu yake kuwekewa alama mapema. Ninachokataa ni lile la kubuni palepale. Na ujanja wangu wa Kiswahili unaweza kumwonea kijana aliyelelewa kwa Kiingereza tupu. Huyo namruhusu arudi kwenye lugha yake, ingawa sina hakika kama nampima sawa na wenzake.

Linalonikosesha raha zaidi ni hili. ISA 240, kiwango kinachohusu udanganyifu, inatuamuru wakaguzi tudumishe shaka ya kitaaluma hata kama huko nyuma tuliwaona wasimamizi wa mteja kuwa waaminifu. Yaani uaminifu wa jana usitupumbaze leo. Halafu tunaingia kwenye chumba cha mahojiano tukiamini kwamba tendo la jana litatuonyesha la kesho. Sijaweza kuyapatanisha mawili hayo. Ninachofanya ni kutolitegemea jopo kama ulinzi: aliyeajiriwa, hata akiwa amenipendeza namna gani, haandiki malipo na kuyaidhinisha yeye mwenyewe.

Mteja wangu nilimwambia amwite yule kijana tena. Akaniuliza, "Na akisema hajawahi kukutana na wizi? Ana mwaka mmoja tu kazini." Pengine ni kweli hajawahi. Basi muulize madogo aliyokutana nayo: masurufu yaliyopungukiwa na shilingi 300 Ijumaa jioni, pesa ya M-Pesa iliyoingia bila mwenyewe kujulikana, tarehe 8 jioni wakati PAYE, kodi ya mishahara, inadaiwa kesho yake na orodha ya mishahara haijafungwa. Kama hajafanya kazi kabisa, muulize hesabu za chama alichowahi kuwa mweka hazina, au za duka la mama yake. Nimemtumia maswali manne kwa simu. Wanakutana Alhamisi saa nne asubuhi, na nimemwomba aandike vitenzi kama vilivyotamkwa.