Je, wajua kwa nini lori la mafuta likishashusha mzigo bado linatembea na kibao cha hatari?

Kama unapita barabara ya Morogoro mara kwa mara utakuwa umeshayaona, matenki yanarudi Dar yametoka kushusha Ndola au Lubumbashi au Kigali huko, dereva anachanja mbuga kwa sababu gari ni jepesi, lakini nyuma bado kuna kile kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, 33 juu na 1203 chini. Jamaa mmoja tulikuwa naye kwenye foleni ya mizani pale Vigwaza akaniuliza, sasa huyu anamtisha nani wakati mzigo ameshashusha, si angekitoa tu?

Kumbe hapo ndo penyewe. Hilo tenki lililoshushwa, ukilisogezea cheche ndani, ni rahisi zaidi kulipuka kuliko lile lililojaa pomoni. Najua inasikika kama nimeandika kinyume, mimi mwenyewe nimepiga utingo miaka minne na mwanzoni nilikuwa nabisha hivyo hivyo.

Kwanza zile namba, maana wengi tunaziona kila siku na hatuzisomi. Ya chini ni jina la mzigo: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1075 gesi ya mitungi. Hizo hazikutungwa na kampuni ya mafuta wala na serikali yoyote, zinatoka kwa kamati ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa inayokaa Geneva, kwa hiyo zimamoto wa Tunduma na wa Rotterdam wakiona 1203 wote wanajua ni petroli hata kama dereva kazimia na karatasi za mzigo zimeungua. Ya juu inasema tabia ya mzigo. 3 ni kimiminika kinachowaka, ikirudiwa ikawa 33 maana yake kinawaka kirahisi mno, ndo maana dizeli inaandikwa 30 tu. 6 ni sumu, 8 ni kitu cha kubabua kama asidi. Na ukiona herufi X imetangulia, mfano X423, hapo usithubutu kumwaga maji, mzigo wenyewe ukikutana na maji unageuka kitu kingine kabisa.

Turudi kwenye tenki tupu. Petroli yenyewe ile ya maji maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na petroli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Chalinze saa nane mchana. Lakini huo mvuke una masharti: lazima uchanganyike na hewa kwa kipimo, kuanzia kama asilimia 1.4 mpaka 7.6 hivi. Ukiwa mdogo kuliko hapo hauwaki, ukizidi hapo pia hauwaki. Wenye bodaboda wanaelewa haraka hii, pikipiki ikimeza mafuta mengi unapiga kiki mpaka mguu unauma na haiwaki, mafuta yapo tele ila hewa haitoshi.

Sasa tenki likiwa limejaa, ule upenyo mdogo uliobaki juu umeshiba mvuke, hewa hakuna nafasi. Wakati wa kushusha ndo mambo yanageuka, mafuta yanatoka kwa chini, hewa inaingia, na pembeni na kwenye mabomba kumebaki vijimafuta ambavyo hakuna anayevihesabu. Tenki moja limegawanywa vyumba, chukulia chumba cha lita 7,000. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote inatoa kama lita 200 za mvuke, kwenye lita 7,000 hiyo ni karibu asilimia 3. Yaani lita moja tu iliyosahaulika chini inatosha kukiweka chumba kizima katikati ya kile kipimo cha kulipuka. Ndo maana utaratibu wa kimataifa unasema kibao kinabaki mpaka tenki lisafishwe na gesi itoke, kushusha peke yake hakutoshi.

Simaanishi lililojaa ni salama, tusije kuelewana vibaya. Likipinduka na kupasuka, mvuke ni mzito mara tatu nne kuliko hewa, haupandi juu kama moshi, unatambaa chini unafuata mtaro mpaka ukutane na moto. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 watu zaidi ya 100 walipoteza maisha wakati wengi walikuwa wanachota petroli kwa madumu. Sachang'wan kule Kenya Januari 2009, vilevile zaidi ya 100. Sange, Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Sina cha kuongeza hapo.

Kingine ambacho madereva wapya hawaambiwi: safari iliyopita ulibeba petroli, leo unapakia dizeli kwenye chumba kilekile. Unajilegeza, dizeli bwana, ina shida gani? Shida ni kwamba mvuke wa petroli ya jana bado umo, na dizeli ikishuka kwa kasi kwenye bomba inatengeneza umeme tuli, kama ule unaokupiga ukivua sweta. Cheche moja ya huo umeme na habari imeisha. Ndo maana wanapiga kelele kuhusu ule waya wa ethi, wa kupeleka huo umeme ardhini, unaobanwa kwenye gari kabla ya kufungua chochote, na pampu inaanza polepole. Wengine wanaubana juu ya rangi, sasa rangi inapitisha umeme lini? Lazima ung'ate chuma.

Siku niliyoacha kubisha tulikuwa gereji moja ya barabarani, siitaji jina, ngazi ya nyuma ya tenki imekatika na fundi kashavaa miwani yake, mashine ya kuchomelea inanguruma. Dereva wangu, mtu mzima, akatoka mbio chini ya mwembe alikokuwa anakunywa chai.

"Fundi, zima hiyo mashine."

"Mzee si tupu hilo? Umesema umeshusha jana."

"Nimeshusha mafuta, sijashusha gesi."

Fundi akacheka, mzee hakucheka. Akapanda juu, akafungua mfuniko kidogo, akamwambia njoo unuse kwa mbali. Ngazi tukaifunga kwa kamba mpaka Dar, tenki likapigwa mvuke wa maji ya moto, likapepewa, akaja mtu na kipima gesi, akapima kila chumba mpaka akaridhika, ndo likachomelewa. Siku mbili zilipotea na tajiri alifoka sana.

Na kuingia ndani kusafisha ni habari nyingine, humo hewa ya kupumua inaweza isiwepo kabisa. Kawaida wa kwanza anadondoka kimya, wa pili anaruka kumuokoa bila kifaa cha kupumulia, wanatolewa wawili.

Makuli wa bandari kavu wanalo la kwao: kontena lililopigwa dawa ya wadudu. Korosho, kahawa, mbao, vingi vinasafiri na fosifini ndani, yaani gesi ya sumu ya hiyo dawa. Mlangoni hubandikwa karatasi ya onyo yenye fuvu na tarehe ya kupiga dawa, ila ikinyeshewa au ikibanduka unakuta kontena kama makontena mengine, watu wanakata sili, wanafungua na kuingia papo hapo. Fosifini wakati mwingine inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyechina, ila ukisubiri harufu ndo ikuambie umeshachelewa. Milango iachwe wazi, hewa ipimwe, ndo uingie. Hata mzigo ukishatoka angalia sakafuni, vifuko vya unga wa dawa huwa vinabaki kwenye kona.

Halafu mapipa, yale ya bluu ya lita 200 tunayonunua kuwekea maji. Ligeuze uangalie maandishi yaliyochorwa kwenye plastiki yenyewe, ukikuta duara lenye u juu ya n halafu 1H1, hilo limethibitishwa kubebea mizigo hatari. Haimaanishi lilibeba sumu, inawezekana lilibeba juisi nzito tu, kilichobebwa unakijua kwa stika yenye umbo la almasi ubavuni na hiyo wauzaji wanaikwangua kwanza. Na plastiki inanyonya, unaosha na Omo mara kumi ila kilichoingia ndani ya ukuta wa pipa kinatoka taratibu kwenye maji yako.

La kwetu nyumbani niliwahi kuligeuza, nikakuta 1H1 na kona moja ya stika iliyobaki, nusu ya fuvu. Mama alikuwa analitumia kwa maji ya kupikia. Nililitoboa matundu kumi na mbili kwa msumari wa moto, maana ningelitupa zima jioni lingekuwa kwa jirani.