Upasuaji wa leza wa macho unarekebisha nini hasa

Upasuaji wa leza wa kuacha miwani ni kuchonga upya umbo la konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, ili mwanga ukusanyike sawasawa juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kazi yake inaishia hapo. Unampunguzia mtu haja ya miwani au kumwondolea kabisa, lakini hautibu magonjwa ya macho.

Konea ina unene wa kama nusu milimita tu, na bado ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga unaoingia jichoni. Ikibinuka mno, au jicho likiwa refu kuliko kawaida, mwanga hukusanyika kabla ya kufika kwenye retina. Mtu wa namna hiyo anasoma meseji bila shida, lakini kibao cha daladala ya Buhongwa hakioni mpaka gari limfikie. Jicho likiwa fupi, shida inahamia kwenye vya karibu. Leza huondoa matabaka membamba mno ya konea kwa mwanga wa urujuanimno: katikati kwa asiyeona mbali, pembezoni kwa asiyeona karibu.

Njia inayojulikana zaidi ni LASIK. Daktari anakata kifuniko chembamba juu ya konea, anakifunua, leza inapiga kwa muda mfupi sana, kisha kifuniko kinarudishwa bila kushonwa. Ganzi ni ya matone na mgonjwa yuko macho muda wote. Wengi huona vizuri kesho yake. PRK, iliyotangulia, haina kifuniko: ngozi ya juu ya konea inatolewa, nayo huota tena yenyewe kwa siku chache zenye maumivu, na kuona kunatulia baada ya wiki kadhaa. Kwa mtu wa mtumbwini, ambaye kamba inaweza kumchapa usoni wakati wowote, naona PRK ndiyo ya kuulizia kwanza, kwa sababu kifuniko cha LASIK kinaweza kusogea hata miaka baadaye jicho likipigwa.

Kuna jambo linaloniuma. Wazee wenye mtoto wa jicho wanaambiwa na majirani wasubiri wapate hela ya leza hii, na huku giza linazidi. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, nyuma ya mboni. Kuchonga konea hakuugusi. Lenzi hiyo hutolewa kwa upasuaji mwingine na kuwekwa ya bandia. Presha ya macho nayo ina leza zake, za kazi tofauti kabisa. Na aliyepita miaka 40 anayesogeza gazeti mbali ili asome, lenzi yake imekakamaa. Leza ya konea hairudishi ulaini huo.

Madhara yanayotokea sana ni macho kukauka, na usiku kuona miduara au miale kuzunguka taa. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, wachache hubaki nayo. Mvuvi wa dagaa, anayefanya kazi usiku usio na mbalamwezi huku akitazama taa juu ya maji, alizungumze hilo na daktari kabla ya kukubali.

Asiyefikisha miaka 18 hafanyiwi, wala ambaye namba yake ya miwani bado inabadilika, wala mjamzito au anayenyonyesha. Hatari kubwa zaidi ni konea inayochongoka, ambayo huanza ujanani, hasa kwa wenye aleji wanaosugua macho kila mara. Ukiipunguza kwa leza unaidhoofisha zaidi. Kwa hiyo anzia kitengo cha macho, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza kwa mfano, upimwe kwanza shida yako ni ipi. Na popote utakapofanyiwa, konea ipimwe umbo na unene kabla leza haijawashwa.

Baada ya hapo ni matone ya dawa, kutosugua jicho, na kukaa wiki kadhaa bila kuoga ziwani wala kuogelea humo, maana maji ya ziwa yana vimelea, na jicho lenye kidonda kibichi halina kinga navyo.