Kazi Hukatikia Wapi?

Mtu anapoletwa kwangu na mzazi au mwenzi wake kwa maelezo kwamba "hakai kazini", siombi kwanza wasifu wake, kwa kuwa wasifu huandikwa ili upendeze. Ninampa karatasi tupu na kumtaka aandike kila kazi aliyowahi kuifanya, hata ile ya siku tisa, pamoja na mwezi alioianza, mwezi ilipoisha na lililotokea katika wiki ya mwisho. Nilikuwa afisa rasilimali watu katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere kabla ya kuwa mshauri wa masuala ya kazi, na miaka yote hiyo imenifundisha kutafuta katika karatasi hiyo jambo moja tu: mahali kazi zinapokatikia. Kwa wengi mahali hapo hujirudia, na mara nyingi mwenyewe hajawahi kupaona.

Hapa Dar es Salaam tumezoea kulimaliza suala hili kwa neno moja, uvivu. Au, mhusika akiwa na shangazi mwenye huruma, kwa neno husuda. Sikatai kwamba wavivu wapo. Hata hivyo, wavivu niliowahi kufanya nao kazi walikuwa wakidumu sana, maana walikuwa wamehitimu sanaa ya kuukwepa mzigo bila kuonekana.

Mahali pa kwanza pa kukatikia ni kabla ya mshahara wa kwanza, na hapa ndipo ninapoona kazi nyingi zikipotea bila mtu yeyote kuwa na kosa la kuandikwa. Chukua kijana wa Chanika aliyepata kazi ya ghala Mikocheni. Hata tukimhesabia magari mawili tu kwenda na mawili kurudi, hizo ni nauli nne kwa siku, na kwa wiki ya siku sita za kazi, mwezi wenye siku 26 za kazi unamdai nauli 104 kabla hajashika senti ya mwajiri, achilia mbali sahani ya mchana kwa mama ntilie. Aliyekaa muda mrefu bila kazi ndiye hasa asiye na akiba ya kugharimia mwezi huo. Wiki mbili za mwanzo hubebwa na ndugu. Ya tatu hubebwa na mkopo, mara nyingi ule wa riba kubwa uitwao kausha damu. Ya nne huanza kutembea kwa miguu kipande cha njia, akafika amechelewa na amechoka, akapewa onyo. Mshahara unapoingia, tayari ni wa watu wengine. Hapo hufanya hesabu, akaona kwamba kazi inamtoa zaidi ya inavyomwingizia, asirudi. Nasi kwenye jalada tukaandika "mtoro". Niliwahi kuuomba uongozi wa kiwanda chetu uwalipe wageni kwa wiki katika miezi miwili ya kwanza, nikajibiwa kwamba kufanya hivyo kungevuruga orodha ya mishahara. Tukaendelea kutangaza nafasi zilezile kila baada ya wiki kadhaa, jambo ambalo nalo lilikuwa na gharama, ila halikuwa na safu yake kwenye vitabu vya mhasibu.

Mahali pa pili ni kimya. Msiba unatokea Tanga, mtu anasafiri usiku, simu haina salio, na siku mbili zinapita. Siku ya tatu salio limepatikana, lakini aibu imekwishaingia, kwa sababu sasa hatakiwi kueleza msiba tu, bali pia kwa nini hakueleza mapema. Malezi yetu yanamfundisha mdogo kutomjibu mkubwa wala kumsumbua, kwa hiyo yule tunayemsifu nyumbani kwa adabu ndiye anayeshindwa kumpigia meneja simu ya dakika moja. Kijana mmoja nilimuuliza kwa nini hakusema chochote, akanijibu, "Ningeanzia wapi, mama?" Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinauhesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa zito. Wengi ninaowaona walikuwa na sababu inayokubalika kabisa; walichokosa ni sentensi ya kuifikisha. Ndiyo maana huwa ninaifanyia mazoezi nao sentensi hiyo kwa sauti, mara nyingi, mpaka iache kuwatetemesha.

Mahali pa tatu hapamhusu mfanyakazi hata kidogo. Mtu akiniletea karatasi ambayo kila kazi imeisha ikiwa na miezi mitano, siulizi tabia yake, naulizia mikataba yake. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo kinamwacha nje ya kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki yule ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na katika kipindi hichohicho, kwa kawaida, hana haki ya likizo yenye malipo. Wapo waajiri wanaoijua tarehe hiyo kuliko siku ya kuzaliwa ya mtoto wao. Wasichokijua wafanyakazi wengi ni kwamba sheria inauhesabu muda chini ya mkataba mmoja au zaidi, kwa hiyo vipande viwili vya miezi mitatu kwa mwajiri yuleyule vinaweza kujumlishwa. Anayeamini kwamba ameonewa ana siku 30 za kulifikisha suala la kuachishwa kwake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo huisha watu wakiwa bado wanashauriana kijiweni.

Kwa akina mama wenye watoto wadogo, kazi hukatikia kwa dada wa kazi. Sheria inampa anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku, lakini haimsaidii siku ambayo binti anayebaki na mtoto ameondoka bila kuaga, pengine kwa sababu naye alikuwa akilipwa kiasi ambacho hakingemweka mtu yeyote.

Kuna pia maradhi yasiyo na bandeji. Mwenye sonona huweza kuanza kila kazi kwa bidii, kisha, baada ya miezi kadhaa, akashindwa kuamka asubuhi, naye mwenyewe akaamini ni uvivu. Sheria inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, lakini zinadai cheti cha daktari, na asiyejua kwamba anaumwa haendi kukitafuta.

Karatasi iliyonifikirisha zaidi ilikuwa ya fundi mmoja wa kuchomelea kutoka Gongo la Mboto. Alikuwa na kazi nne zenye urefu tofauti kabisa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekata tamaa ya kuona zinapofanania, mpaka alipotaja kwa kupita tu kwamba katika wiki ya mwisho ya kila kazi palikuwa na msimamizi mpya. Yule wa zamani alikuwa akijua kwamba fundi huyu husikia vizuri sikio moja tu; mpya alimwona ni mtu anayepuuza maagizo. Fundi hakuwahi kuliandika hilo popote wala kumwambia yeyote, kwa kuwa wale wa kwanza waligundua wenyewe. Sasa yuko kwenye kazi ya tano. Tumekubaliana kwamba siku msimamizi wake atakapohamishwa, hatasubiri zamu iishe kabla ya kumweleza mpya habari ya sikio lake.